Mugongo wa André: tunaangalia tena WrestleMania III ya mwaka 1987

Mu kitabu hiki tumezoea kuongea juu ya ngoma, harusi, majina na matanga. Leo tunaongea juu ya kachi. Wamoja watacheka na kuuliza: kachi iko na kazi gani na mila? Tunawaomba wavumilie kidogo. Mila si vitu tu vyenye babu zetu walituachia. Ni pia namna watu wanakusanyika fasi moja kuangalia nguvu inatoka kwa mutu mumoja na kwenda kwa mwingine. Mu vijiji vingi vya kwetu, vijana walikuwa wanashikana mieleka mbele ya wazee, na mugongo ukigusa udongo, mambo yamekwisha. Wote wawili wanainuka, wanakunywa maji, wanarudi nyumbani.

Wengi wetu tuliona WrestleMania III ku kaseti, mu nyumba za video za mitaa, kisha mapambano yenyewe kupita zamani. Picha ilikuwa inatetemeka, sauti ilikuwa ya Kiingereza chenye hatukusikia vizuri, na kila dakika mutu alikuwa anauliza: «Ni kweli ao ni bongo?» Tumeiangalia tena sasa, tukiwa watu wazima, na tunafikiri kama lile ulizo halikuwa ulizo la muzuri. Tutaeleza juu gani.

1. Siku yenyewe na namna waliiuzisha

Kachi ni mieleka ya maonyesho. Wapiganaji wanapatana mbele juu ya nani atashinda. Lakini maumivu, hakuna mwenye anaweza kupatana nayo. Tarehe 29/3/1987, kampani ya Vince McMahon, yenye wakati ule ilikuwa inaitwa WWF, ilikusanya watu mu kiwanja cha Pontiac Silverdome, karibu na Detroit, muji wa magari mu jimbo la Michigan, Marekani. Kulikuwa mapambano 12. Aretha Franklin, mwimbaji mukubwa wa Detroit, alifungua siku kwa wimbo na kinanda. Ringi ilikuwa mbali sana na milango, na wapiganaji wengi walipelekwa juu ya vigari vidogo vyenye vilitengenezwa sawa ringi.

Wenye hawakufika kule walilipa kwa kuangalia. Wamoja walilipa mu masinema na viwanja vingine vyenye vilipokea picha. Wengine walilipa ku televizyo ya nyumba yao, kila nyumba feza yake kwa siku moja ile.

Kwetu Congo hatuko wageni wa ile biashara. Tarehe 30/10/1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana bokse Kinshasa karibu saa kumi ya usiku, mbele ya jua kutoka. Juu gani ile saa? Juu Marekani usiku ulikuwa bado kuanza tu, na watu kule walikuwa wamelipa tiketi za sinema kwa kuona picha zenye zilitoka kwetu. Na kuko neno lingine lenye wengi hawajui. Yale majivuno ya Ali, yenye Kinshasa nzima ilipenda, yeye mwenyewe alisema kama aliyasoma kwa mutu wa kachi, Gorgeous George, mwenye walikutana Las Vegas mwaka 1961. Yule alimuonyesha kama watu watalipa hata kwa kuona mwenye majivuno anapigwa. Na wakati WrestleMania ya kwanza ilifanyika New York tarehe 31/3/1985, Ali alikuwa pale, mwamuzi wa pembeni ya ringi. Kachi ilikuwa imemukopesha ulimi, naye akaja kulipa deni.

2. Bongo za wauzishaji

Tuanze na vyenye wauzishaji walisema. Walisema kama watu 93.173 waliingia mu kiwanja. Ile hesabu waliirudilia miaka na miaka, lakini watu wenye walichunguza kisha walisema kama walikuwa karibu 78.000. Tunauliza: 78.000 ni watu kidogo? Kiwanja kilikuwa kimejaa. Mwenye shamba lake limezaa vizuri hana lazima ya kuongeza mawe mu kikapu.

Walisema pia kama André the Giant, lile jitu kutoka Ufaransa, alikuwa amefanya miaka 15 bila kushindwa, na kama hakuna mutu mwenye alikuwa amemunyanyua na kumutupa chini. Si kweli. Antonio Inoki alimushinda mu Japani mwaka 1986, mwaka mumoja tu mbele ya Pontiac. Harley Race, mwenye alipigana pia ile siku Pontiac, alikuwa amekwisha kumunyanyua zamani. Na Hulk Hogan mwenyewe, yule mwenye walisema atajaribu kufanya chenye hakijafanywa, alikuwa amekifanya New York mwaka 1980. Walitegemea kama watu wamesahau. Na kweli, watu walikuwa wamesahau.

Kisha miaka miwili, mu mwanzo wa mwaka 1989, ile kampani ilienda mbele ya wakubwa wa jimbo la New Jersey kusema wazi kama kachi ni maonyesho, juu ya kuepuka sheria na malipo ya michezo ya kweli. Tunaona pale kama mambo ya «kweli» na «bongo» yalikuwa yanafuata feza. Feza ikiwa ku ukweli, wanasema ukweli.

3. Savage na Steamboat

Tuache wauzishaji, tuangalie kazi. Lenye lilikuwa pambano la muzuri kupita yote ile siku halikuwa lile la mwisho. Lilikuwa la Randy Savage na Ricky Steamboat, kwa mukaba wa pili wa ile kampani. Lilifanya dakika karibu 15.

Habari ilikuwa imetayarishwa tangu mwezi wa 11 mwaka 1986, wakati Savage alimuumiza Steamboat ku koo na kengele ya ringi. Kwa hiyo ile siku kila mutu alijua deni liko wapi. Savage alikuwa mutu mwenye hakupenda kubahatisha. Alipanga na mwenzake kila hatua, moja kisha ingine, na wakaijifunza sawa vile wanafunzi wanajifunza masomo ya kanisa. Ukiangalia leo, hauoni ile kupanga; unaona watu wawili wenye hasira na wenye mbio. Mara nyingi mwamuzi anahesabu moja, mbili, na bega linainuka. Watu wanasimama, wanaikaa, wanasimama tena.

Mwisho wake ulifungwa vizuri sawa hadithi ya muzee. Savage anachukua ile kengele tena, anapanda juu ya kamba, anataka kurudilia uovu wake. George Steele, rafiki wa Steamboat, anamusukuma, anaanguka. Anajaribu kumunyanyua Steamboat, na Steamboat anamukunja ghafula kama mutoto mu nguo. Moja, mbili, tatu. Chombo cha uovu kimemurudilia mwenyewe. Mutu yeyote mwenye alikua karibu na moto wa jioni anajua ule mwisho, hata kama hajui neno moja la Kiingereza.

Mutu mwenye anataka kusoma kazi ya kachi aanze pale. Sisi tuliangalia mara tatu.

4. Vyenye hatukupenda

Tungekuwa wachambuzi wabaya kama tungesifu tu. Mapambano mengine ya ile siku yalikuwa mafupi na bila chumvi, hatutapoteza wakati juu yake. Lakini kuko mawili yenye yanatuuma.

La kwanza ni lile la watu wafupi. Waliwaweka wanaume wane wafupi sana mu ringi pamoja na King Kong Bundy, mwenye walisema anapita kilo 200, na Hillbilly Jim. Watu walikuja kucheka. Little Beaver, mwenye alikuwa amepita miaka 50, alimusumbua Bundy kidogo, na Bundy akamuinua, akamutupa, akamuangukia na kiwiko. Pale kicheko kilikufa. Wafupi wote wakakuja kumukinga, hata wale wenye walikuwa upande wa Bundy. Walisema ilikuwa mu muchezo. Inawezekana. Lakini sisi tuliona mutu mwenye alitumiwa kwa kuchekesha, na mu mila zetu mutu mufupi hakuumbwa juu ya kazi ile.

La pili ni la Junkyard Dog, mupiganaji mweusi mwenye watu walipenda sana, na Harley Race, mwenye alikuwa anaitwa mufalme. Walipatana kama mwenye kushindwa atainama mbele ya mwingine. Junkyard Dog alizoea kuingia na munyororo ku shingo. Alishindwa, akainama kidogo kwa kuchekelea, kisha akamupiga mufalme na kiti, akavaa kanzu yake na kuondoka nayo. Watu walimupigia makofi sana. Tunakubali kama lile jibu lilikuwa la akili. Lakini munyororo na kuinama, nani alivichagua?

Mu miaka ile ile, kampani ile ilikuwa na Kamala, «jitu la Uganda», mwenye alivaa ngozi ya chui na kinyago, akashika mukuki, na hakujua hata kugeuza mutu kwa kuhesabiwa. Jina lake la kweli lilikuwa James Harris, mutoto wa Mississippi, mwenye alikufa mwaka 2020. Hakuwa mutu wa Uganda hata siku moja. Hapa bongo si tena chumvi ya muchezo. Mwenye aliangalia Amerika na hakuwa amekutana na Mwafrika, alirudi nyumbani na ile picha. Na sisi mu nyumba ya video tulicheka pia, haya tukatae ao tukubali.

5. André na Hogan

Sasa pambano la mwisho. Ukiliangalia kwa macho ya Savage na Steamboat, ni zito. Lilifanya dakika 12 hivi, na mu hizo dakika, kwa muda murefu jitu linamukumbatia mwenzake na kumukamua, hakuna kingine. Wamoja wameandika kama ni pambano baya. Sisi hatukubali.

Tujue kwanza André alikuwa nani. André Roussimoff alizaliwa tarehe 19/5/1946 mu Ufaransa, mu jamaa ya wakulima. Alikuwa na ugonjwa wa akromegali, wenye unafanya mwili usiache kukomaa: mikono, miguu, taya, moyo. Urefu na uzito wenye watu walilipa kwa kuona vilikuwa ndivyo ugonjwa wake. Mwaka 1986 walimupasua mugongo. Mwaka ule ule alicheza mu filimu The Princess Bride, na mu ile filimu hakuweza kushika mwanamuke mwigizaji mu mikono. Walipashwa kumushikilia yule kwa kamba. Kisha miezi kidogo tu, ndiye huyo alipanda mu ringi ya Pontiac, na mukaba wa kushikilia mugongo ulifichwa chini ya nguo nyeusi.

Mu hadithi, alikuwa rafiki wa zamani mwenye aligeuka. Alikubali kusimamiwa na Bobby Heenan, mutu wa fitina, na mbele ya televizyo akapasula shati ya Hogan na kukata musalaba wake. Kazi yake ilikuwa kukubali watu wamuchukie. Alikuwa amependwa miaka mingi mu Marekani, Japani na Ulaya. Alitoa ule upendo pia.

Mwanzo wa pambano, Hogan anajaribu kumunyanyua, anashindwa, jitu linamuangukia, na mwamuzi karibu afikishe tatu. Kiwanja kinanyamaza. Kisha kunakuja ule wakati murefu wa kukamua. Tulikuwa tunasema: ni muzee amechoka. Leo tunaona: ni muzee anapima pumuzi yake juu imufikishe mwisho. Hogan anajaribu kumupiga kichwa chini inje ya ringi, André anamutupa kwa nyuma juu ya saruji. Halafu Hogan anaamka, anamupiga, André anaanguka mara ya kwanza, polepole, sawa vile muti mukubwa. Anainuka. Na Hogan anamushika mu katikati ya mapaja, anamunyanyua, anamugeuza, anamutupa.

Walisema uzito wake ulikuwa karibu kilo 236. Hata kama waliongeza kidogo, hakuna mutu mwenye ananyanyua uzito wa namna ile, wenye kuwa hai, kama wenyewe haukubali. Kila mutu wa kachi anajua: mwenye kunyanyuliwa anasaidia. Anasukuma na mikono, anakaza tumbo, anachagua namna ya kuanguka. Na anaangukia wapi? Ku mugongo. Ule mugongo.

Hogan mwenyewe alieleza kisha, mara nyingi, kama mpaka mule ringini hakuwa na hakika kama André atakubali. Hakuna mwenye angemulazimisha. Jitu lilikuwa na uwezo wa kusema hapana, na lilisema ndiyo. Njo maana tunasema lile ulizo la «kweli ao bongo» si la muzuri. Ushindi ulikuwa umepangwa. Zawadi haikuwa bongo. Muzee alimupa kijana nguvu mbele ya watu wote, na akalipa kwa mwili wake. Wazee wetu wanasema: mwenye hakubali kushindwa si mushindani.

Na mwenye alipokea zawadi, aliishi namna gani nayo? Hogan alipata jina na feza kupita wote. Mwaka 2015 maneno yake ya kuzarau watu weusi yalitoka mu sauti zenye zilirekodiwa, kampani ikamuondoa, kisha ikamurudisha mwaka 2018. Alikufa tarehe 24/7/2025. Zawadi inaweza kuwa kubwa kupita mwenye kuipokea. Ile haiharibu mukono wenye ulitoa.

6. Na sisi?

Sisi pia tuko na kachi yetu. Kinshasa, nani hajasikia jina la Edingwe? Mu miji yetu mingine pia, wapiganaji wanazunguka mutaa na fanfare mbele ya pambano, wengine wanaingia na dawa, na nyoka, na jeneza. Mwenzao anaanguka bila kuguswa, na watoto wanakimbia. Watu wa kanisa wanakasirika. Tunawakumbusha kama Pontiac pia kulikuwa nyoka: Jake Roberts alizoea kuingia na chatu mu mufuko. Mambo ya kutisha yanauzisha tiketi fasi zote.

Lakini tuko na lawama moja, na tunaisema kwa heshima. Mu kachi yetu, dawa imekula kazi. Kama mutu anaanguka juu ya kizizi chenye mwenzake alimupulizia, hatuoni tena mieleka, hatuoni mikono, hatuoni nani alimubeba nani. Na mushindwa anazomewa mpaka ku mulango. Ringi nyingi ni mbao tupu na kipande cha hema juu yake, na kijana anarukia pale kutoka juu ya kamba kwa feza ya chakula cha siku mbili. Akivunjika, jamaa yake njo inatafuta feza ya daktari. Majina ya washindi tunayaandika ku kuta. Mwenye alitoa mugongo, hatumukumbuki.

Kwa hiyo tunaomba wenzetu wa shirika: wakati tunapita mu mitaa kukusanya habari za mieleka na kachi ya zamani, tusiulize tu «nani alishinda?» Tuulize pia: «Nani alikubali kuanguka, na sasa anaishi namna gani?» Wazee wa namna ile wangali wako. Wamoja wanatembea na fimbo, na jirani zao hawajui juu gani. Twende kwao mbele ya kwenda kwa mabingwa, na tuandike maneno yao vile watayasema.

André alikufa Paris tarehe 28/1/1993, na miaka 46 tu. Alikuwa ameenda Ufaransa kumuzika baba yake. Savage alikufa mwaka 2011. Kiwanja cha Silverdome kilibomolewa kuanzia mwaka 2017, hakuna tena paa wala ringi. Kumebaki ile kaseti, na mu ile kaseti jitu lingali linaanguka.

Hayo njo mafikiri yetu. Mwenye kuwa na yake, ao mwenye kumujua muzee wa kachi mu mutaa wake, tunamungojea ku mukutano.